Jina la Nyoka wa Asembo Bay

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha utafiti wa viumbe mjini Kisumu, Mhifadhi Mkuu alinipa chupa yenye nyoka aliyehifadhiwa kwenye spiriti, akaniambia nimtafutie jina. Nilimgeuza huku na huku, nikasema anafanana na wale wa kijani wa kwetu Pap Onditi.

"Akinyi," alisema, "sikukuuliza anafanana na nani. Nimekuuliza ni nani."

Alikuwa mtu wa Nyeri, mkali, asiyependa kurudia neno. Alinifundisha kutumia ufunguo wa utambuzi, yaani maswali yanayokwenda mawili mawili: mboni ya jicho ni duara au imesimama wima? Gamba ni laini au lina mstari katikati? Kila jibu linakupeleka kwenye swali jingine, mpaka ufike kwenye jina lenye sehemu mbili, la jenasi na la spishi. Nilipokosea alinirudisha kwenye swali la kwanza bila kunionyesha kosa liko wapi.

Baadaye nilihamishiwa kitengo cha mimea, chini ya Mtunza Mimea, mama mpole aliyenifundisha kukausha majani kati ya magazeti. Kisha ndege: asubuhi nyingi nilizimalizia kwenye mafunjo kando ya ziwa, nikiwatambua kwa sauti ndege nisiowaona. Nilipenda huko. Jani ukilikosea jina, unarekebisha kesho. Niliporudishwa kwa nyoka, nilirudi shingo upande.

Ndipo tukaenda Asembo Bay. Wavuvi walikuwa wamemkuta nyoka mkubwa mweusi amenasa kwenye wavu, na Mhifadhi Mkuu akainama kumnasua. Ghafla aliruka nyuma, mkono ukivuja damu.

"Rachier! Mzee ameumwa na rachier!" mvuvi mmoja alipiga kelele, akamponda nyoka kichwa kwa kasia. Rachier kwa Dholuo ndiye swila, na sumu ya swila huzima pumzi.

Tulimkimbiza hospitali, nyoka kwenye ndoo miguuni pangu. Daktari wa zamu alikuwa kijana mtulivu.

"Madam, dawa ya sumu ninayo, lakini ni kidogo, na yenyewe inaweza kumdhuru mgonjwa. Nikimpa bila sababu ni hatari. Nisipompa na kumbe ni swila, tutampoteza. Ni nyoka gani?"

Nilimlaza nyoka kwenye sinki. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umepondeka kabisa. Niliosha matope upande wa pili, nikashika lenzi. Swila hana gamba lolote kati ya lile la pua na lile linalogusa jicho. Huyu alikuwa nalo, dogo, la rangi ya majivu. Niliogopa kwamba naona ninachotamani kuona. Nikafungua mdomo kwa kibanio: hakuna chonge za mbele, ila vijino vyembamba tu.

"Si swila," nilisema. "Ni nyoka wa maji. Hana sumu ya kumdhuru mtu."

Mhifadhi Mkuu, jasho likimtoka, alinikazia macho kutoka kitandani.

"Jina lote."

"Grayia smithii."

"Umefikaje hapo?"

Nilimweleza swali kwa swali. Alisikiliza mpaka mwisho, akafumba macho.

"Daktari," alisema, "naomba chai."

Daktari aliiweka dawa karibu na kumchunga kutwa. Mkono haukuvimba, kope hazikulegea. Kesho yake mzee alitembea mwenyewe hadi kwenye gari, akilalamika kwamba chai ya hospitali haina maziwa. Mimi nilikwenda nyuma ya jengo nikalia kwa shukrani.

Sasa nimestaafu, nalima mtama Pap Onditi. Ninyi vijana mna simu zinazotaja jina kwa kuangalia picha, na ni vizuri. Lakini mtu akiwa kitandani anasubiri neno lako, ujue umelitoa wapi.

Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Ninachokumbuka zaidi ni mchana wa siku yangu ya mwisho. Simu ililia: mama mmoja ameumwa mguuni sokoni Kibuye, kati ya marobota ya mitumba, na picha ya nyoka imetumwa. Nyoka huyo nilimjua nilipomwona tu. Lakini meza haikuwa yangu tena. Afisa mpya aliyeshika nafasi yangu aliikuza picha, akauliza maswali, akaomba picha nyingine ya kichwa kwa upande. Niliketi pembeni, nikamwacha afuate maswali yake.

"Ni nyoka wa nyumba," alisema hatimaye. "Hana sumu. Mwambieni mama aoshe jeraha, aende kliniki apigwe sindano ya pepopunda."

Lilikuwa jibu lile lile nililokuwa nalo mimi. Nilichukua mkoba wangu, nikamuaga, nikatoka nje mwepesi kama msichana.