Sekunde Saba Ambazo Sikuziandika

Nitakueleza ilivyokuwa, na usiponiamini sitakulaumu, maana mimi ni mtu wa kompyuta na habari za namna hii nilizoea kuzicheka. Sikuwa na homa wala sikuwa nimesinzia. Ilikuwa saa saba mchana, Kakuma, jua linachoma mabati, nami nimekula githeri yangu nikashiba. Kama unatafuta jini wa usiku mwenye kwato, hapa humpati. Wangu alikuja mchana kweupe, na kitu cha kwanza alichofanya ni kunikosoa kazi.

Nafundisha vijana kuandika programu kwa Python katika chumba cha kompyuta pale kambi ya wakimbizi. Muhula ule tulikuwa tunatengeneza sauti. Ni kazi tamu, niamini. Huhitaji ngoma wala kinanda. Sauti ni hewa inayotikisika, na mtikisiko huo unaweza kuuandika kwa namba, elfu arobaini na nne na mia moja kwa kila sekunde. Zipo maktaba, yaani kazi ambazo wenzetu walishaandika nasi tunazichukua bure: moja, numpy, inakupangia hizo namba, nyingine, sounddevice, inazipeleka kwenye spika. Unabonyeza, na kitu ambacho hakikuwepo duniani kinalia.

Wanafunzi walitengeneza honi za pikipiki na milio ya simu. Mimi nilikuwa natengeneza kengele ya ng'ombe wa baba yangu.

Kwetu Turkana mwanamume huwa na maksai mmoja anayempenda kuliko mali yake yote. Humwimbia, humvalisha kengele, na akiisikia kengele hiyo mbali anajua ni yake. Maksai wa baba alikuwa mwekundu. Wezi wa mifugo walimchukua huko karibu na Lokori, siku ambayo baba alikuwa hoi kwa malaria. Rafiki yake Ekiru, ambaye mimi niliyesomea mbali sikuwahi kumwona, akamwambia, "Wewe lala, nitamfuata mimi." Wenzake aliokwenda nao walirudi. Ekiru hakurudi, na mwili wake haukuonekana.

Tukamhamishia baba Lodwar. Kwa miaka miwili alikaa nje kwenye kigoda chake akitazama kusini, na ole wako useme Ekiru amekufa. Mke wa Ekiru, Mama Akai, naye alibaki Lokori akingoja, kwa sababu utaanzaje kumlilia mtu ambaye rafiki yake anasema yuko njiani? Miezi ya mwisho baba alikataa chakula, akabaki na chai tu. Daktari hakuona ugonjwa. Alikuwa anaisha mbele ya macho yetu, nami nikaogopa sana. Nikajiambia, labda akiisikia kengele yake atakula. Ni wazo la kitoto, najua. Wewe ungefanya nini?

Basi mchana huo wanafunzi walikuwa wametoka. Nikabonyeza, kengele ikalia.

"Hiyo ni ya kanisa," mtu akasema nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa mzee wa rika la baba, amejifunga shuka, miguuni ana akala za matairi, na vumbi limempanda mpaka magotini. Nikamwamkia, "Ejok." Akaitika. Nikampa maji kwenye kikombe kama inavyotakiwa.

"Ni ya ng'ombe, mzee," nikasema, nimechukia kidogo.

"Ng'ombe haiendi kanisa. Yako inalia safi sana. Chuma ya ng'ombe inalia mara mbili, na hizo mbili hazipatani."

Nilitaka kucheka, lakini alisema kweli. Wimbi moja peke yake hutoa sauti safi; chuma kilichogongwa kwa nyundo hutoa mawimbi mengi yanayogombana. Nikaongeza wimbi la pili, kando kidogo ya la kwanza. Akasema lishuke. Nikalishusha. Lishuke tena kidogo. Namba zilizokuwa kwenye kioo hakuzitazama hata mara moja, ila nikikosea kwa mitikisiko mitatu tu alikunja uso kama mtu aliyeonja maziwa mabovu.

"Sasa weka mguu," akasema.

"Mguu gani, mzee?"

Akagonga meza kwa kidole: moja ndefu, moja fupi, moja ndefu, moja fupi. "Anachechemea. Siku tatu juu ya mawe. Kwato imepasuka."

Nikadhani amechanganya na ng'ombe wake mwenyewe. Hata hivyo nilibadilisha nafasi kati ya milio, nikafuata kidole chake. Akakohoa, mara mbili kwa ufupi na mara ya tatu kwa kuvuta, kama mtu anayesafisha koo aimbe. Nikabonyeza. Sekunde kumi na mbili. Jamani! Mle chumbani kulikuwa na ng'ombe anatembea.

"Hapo," akasema. "Mpelekee."

Nikageukia kompyuta kuhifadhi faili. Niliporudisha uso hakuwepo. Kikombe kilikuwa mezani, kimejaa pomoni. Na nimpelekee nani? Habari za baba sikuwa nimemtajia.

Mlangoni alikuwa amekaa Bahati, mwanafunzi wangu Mkongomani, anakula chapati. Nikamuuliza yule mzee amepita wapi.

"Mwalimu, miye niko hapa ku mlango tangu saa sita," akanijibu. "Hakuna mutu aliingia. Nilikuwa nakusikia unasema weye peke yako, nikasema mwalimu amechoka."

Nikamwambia alikuwa amesinzia. Ndivyo tunavyofanya sisi wasomi.

Jumamosi nikaenda Lodwar. Nilimkuta baba palepale nje, nikaweka kompyuta chini mbele ya miguu yake, nikabonyeza. Kengele ikaanza. Baba akainua kichwa. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo: kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Hapo ilipaswa kukatika, kwa sababu namba nilizoandika zinaishia hapo.

Haikukatika. Iliendelea kuchechemea, ikipunguza mwendo. Kisha akala zikakanyaga mawe, zikija kwa upole. Ng'ombe akapumua kwa nguvu puani, vile anavyofanya akiguswa na mtu anayemjua. Kisha kikohozi. Mara mbili kwa ufupi, ya tatu kwa kuvuta. Baada yake kimya. Nikatazama kioo: sekunde kumi na tisa.

Sikuogopa. Nilijiona mdogo tu, kama mtoto aliyeingia bila kujua mahali wakubwa wanaposali.

"Kikohozi hicho ni cha Ekiru. Alimfikia," baba akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Akiwa kwangu maksai wangu hakuwahi kuumia kwato. Haya ni ya huko alikopelekwa na wezi. Ekiru alimfikia ng'ombe wangu, akafa akiwa naye." Kisha akasema, "Mwanangu, nipe uji."

Siku ya pili alinyoa nywele kama mfiwa, akatuma mtu Lokori kwa Mama Akai: njoo umsikie mumeo, halafu tumlilie.

Ningekoma hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini Jumatatu nilirudi Kakuma na kichwa changu kikaanza kuwasha. Sekunde saba zimetoka wapi? Nikafungua programu, nikaongeza mstari wa kuhesabu namba, nikaiendesha nitafute kosa. Hesabu ilikuwa sawasawa: sekunde kumi na mbili, kosa hakuna. Hapo ndipo nilipokumbuka mstari wa mwisho wa programu yangu. Mstari ule huhifadhi sauti kwa jina lilelile la faili, juu ya ile iliyokuwepo, na hauulizi. Nakala nyingine sikuwa nayo, wala sikuwa nimemtumia mtu yeyote. Nikaifungua faili: sekunde kumi na mbili, zile saba nilikuwa nimezifuta mwenyewe.

Mama Akai alifika Lodwar baada ya siku nne, nami nikaenda huko na kompyuta yangu. Kumdanganya sikuweza. Nilimweleza yote, hata ujinga wangu.

"Kikohozi kilikuwa wapi?" akauliza. "Mwanzo au mwisho?"

"Mwisho, mama. Kengele ikishanyamaza."

"Weka."

Nikaweka. Kengele ikalia sekunde zake kumi na mbili, ikakoma. Mama Akai akainua mkono tusiseme, akainama, akasikiliza pale mwisho. Kisha akasema, "Tena." Tuliweka tena na tena mpaka betri ikaisha. Baba akamwambia, "Mimi nilimsikia, mke wa rafiki yangu. Naapa nilimsikia."

"Wewe ulimsikia," akajibu, akajifunika shuka kichwani.

Walimlilia siku hiyo. Baba anakula mpaka leo, namshukuru Mungu. Mimi kila nikitengeneza sauti, ikiisha nabaki nimetega sikio, na wanafunzi wamezoea kuningoja. Hakijatoka kitu tena.

Kwa hiyo wewe unayejifunza kazi hii, nakuomba. Siku kompyuta ikikupa sauti ambayo hukuiandika, usikimbilie kuitafutia kosa. Toa nakala kwanza, iweke mbali na mikono yako. Huenda kuna mtu yuko njiani anakuja kuisikia.