Oveni ya Bibi Petkana

Zdravka ni jirani yangu hapa Plovdiv, na tangu ahamie, jengo letu halijatupa pasi wala redio. Kilichokufa kwako yeye atakifufua, tena huku akikusema kwa kukiangusha. Lakini mganga hajigangi: asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Petka, oveni yake mwenyewe ikagoma.

Kwetu kila mwenye jina la mtakatifu husherehekea siku yake, na siku ya jina haina mialiko. Anayekujua anakuja tu. Mama mkwe wa Zdravka, Bibi Petkana, ndiye aliyekuwa mwenye siku; alikuwa amehamia kutoka kijijini mwaka huo. Tangu alfajiri alikuwa akikunja banitsa, zile pai zetu za jibini, na sasa sinia zimejaa mezani, banitsa zote bado mbichi.

"Wakiondoka na njaa leo," alilalama, "mwakani nani atakanyaga hapa?"

Kampuni ya oveni ilisema kwenye simu kwamba fundi wao atakuja mwezi ujao. Na stika ya nyuma ikibanduliwa, dhamana imekufa.

"Usiiguse, mke wangu," alisema Rumen, mumewe, amesimama mbele ya oveni kama golikipa.

"Kwani tumeinunua au tumeazimwa?"

"Tumeinunua."

"Basi sogea."

Hakusogea. Kengele ikalia: mgeni wa kwanza, mimi, na chupa yangu ya rakia, pombe yetu kali ya matunda. Bibi Petkana akanitazama, akazitazama sinia, machozi yakamlenga. Kisha akapenya chini ya kwapa la mwanawe na kuibandua stika kwa ukucha.

"Wakija, wanifunge mimi," akasema. "Mkwe, shika bisibisi."

Zdravka alicheka mpaka akakaa sakafuni. Waya wa kupashia moto ulikuwa umekatika. Akachomoa mwingine kwenye oveni kuukuu iliyokuwa roshani. Alipoiwasha oveni yake, kioo cha mbele kikaandika: Mwite fundi.

"Ameshaitika, bwana," akakijibu, akakiondoa kabisa na kufunga swichi ya zamani, ile ya kuzungusha. Rumen akawa anamshikia tochi kwa adabu zake zote.

Banitsa zikaiva, moja imeungua chini. Wageni wakajaa mpaka kwenye ngazi, na mimi sijawahi kufurahi hivyo katika jengo letu. Mwisho akashuka yule mzee wa ghorofa ya juu asiyesalimia mtu, amefuata harufu.

"Nani mwenye siku?" akauliza.

"Mimi, Petkana. Kaa ule."

Akala, akapangusa masharubu, akaomba kipande kingine.

"Mwakani, Bibi Petkana," akasema, "nitakuja mapema."