Vifaranga Kwenye Pembe ya Banda

Mtaani walimwita Fundi Saa, na jina hilo lilimganda hata baada ya kuacha kazi. Kwa miaka thelathini alifungua saa za watu kwa bisibisi nyembamba kama sindano, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Kwanza alisingizia njaa, baadaye baridi. Siku alipoangusha kijigurudumu cha saa ya mteja na kukitafuta sakafuni nusu siku asikione, alifunga kibanda chake akarudi nyumbani kukaa.

Mkewe, mshonaji, ndiye aliyemletea vifaranga arobaini ndani ya boksi.

"Hawa hawana skrubu," alimwambia.

Mzee alicheka, kisha wakamteka moyo. Aliwalea chumba cha pembeni, juu ya maranda, chini ya balbu, na kila baada ya siku chache aliomba balbu ipandishwe kidogo ili wazoee kukosa joto lake. Walipofika wiki nne wengi walishaota manyoya, ila wengine migongo ilikuwa bado wazi.

"Wiki moja zaidi," alisema. "Tuwatoe mchana, jioni tuwarudishe. Na upande wa upepo tuweke turubai."

Basi kulikuwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori aliyekuja kupumzika kwao. Mtu mwema, lakini kungoja hakujui. Siku moja mchana, dada yake akiwa kazini, alisimama mlangoni ameziba pua.

"Shemeji, nyumba nzima inanuka. Dada anavumilia tu. Leo nakupunguzia kazi, nawahamisha."

"Turubai bado, shemeji."

"Na jua lote hili? Kuku ni kuku bwana!"

Angemzuia kwa lipi, yeye ambaye hata chai alimiminiwa nusu kikombe isimwagike? Shemeji aliwabeba sita sita, akawaachia bandani, akafunga komeo na kulizungushia waya paka asiingie. Akajifuta mikono, akaenda gereji kutazama lori lake.

Saa tisa wingu lilifunga. Upepo ukavuma, kisha mvua ikaja kwa ubavu na kupenya wavu kama vile haupo. Vifaranga walikimbilia pembe moja. Wa nyuma wakawapanda wa mbele, wengine wakawapanda hao. Fundi Saa alijua maana yake: wa chini walikuwa wanakosa pumzi.

Akaushika waya. Ulikuwa mizunguko mitatu tu. Vidole vikarukaruka, waya ukamponyoka; akaushika tena, ukamponyoka tena. Akajaribu kwa meno mpaka fizi zikatoka damu. Akamwita jirani, lakini kelele za mvua kwenye mabati zilimeza sauti yake. Akapiga wavu ili watawanyike. Wakaogopa, wakazidi kubanana. Mwisho alivua koti, akalitandaza wavuni upande wa upepo na kulibana kwa mgongo wake. Akasimama hivyo, akisikia milio ikipungua nyuma yake.

Ndivyo mkewe alivyomkuta. Waya aliufungua kufumba na kufumbua. Walitoa kumi na saba waliokufa. Waliobaki mkewe aliwakausha kwa vipande vya vitambaa, akawarudisha chini ya balbu.

Jioni shemeji alirudi akipiga mluzi. Alipoona ile safu ya vifaranga waliokufa juu ya gunia, aliketi juu ya ndoo.

"Nisamehe, shemeji. Nilidhani nakusaidia."

Fundi Saa alitaka kumfokea.

"Waya uliukaza sana," alisema tu.

Wiki mbili baadaye vifaranga ishirini na watatu walihamia bandani polepole, turubai likiwa mahali pake. Shemeji alikuwa amebandua komeo na kuweka kamba nene ya kuvuta. Mzee aliijaribu mara mbili, ikakubali. Hata hivyo, kila wingu lilipofunga alimpigia mkewe simu, na asipopokea, alikwenda kusimama kando ya banda, mikono mfukoni, mpaka mkewe arudi.