Barafu ya Mwalimu Unaisi

Mwalimu Unaisi alikuwa amechoka, uchovu ule ambao hata usingizi hauuondoi. Maisha yake yote pale Levuka amewafundisha watoto wa watu habari za chembe zinazoshuka kutoka angani, na mwenyewe hajaona hata alama ya moja. Wiki hii anastaafu. Alitaka azione tu, basi, kabla hajakabidhi funguo za maabara.

Sanduku la kuzionyesha lilikuwa tayari: tangi la kioo la kufugia samaki, kitambaa chenye spiriti kimebanwa juu kwa ndani, bati jeusi chini. Kilichokosekana ni barafu kavu ya kulipoza bati, na hiyo huombwa kiwanda cha samaki. Mara mbili ameipata, mara mbili ndugu wameichukua, huyu kwa harusi, yule kwa pweza wake. Kwao ndugu akiomba hanyimwi. Ukimnyima, umejitoa kwenye ukoo.

Safari hii hata hajafungua gunia la barafu, binamu yake Sireli akasimama mlangoni.

"Usiseme," Unaisi akamwahi.

"Nasema, dada. Mzee wetu Apakuki amefariki. Samaki wa msiba wanaharibika."

"Una pua ya paka, Sireli! Barafu ikiingia tu, na wewe huyo!"

"Nitukane, lakini nipe."

Akampa. Akakaa akalia kwa hasira, kisha akalikumbatia tangi lake, akaifuata barafu huko huko msibani.

Akaliweka juu ya barafu iliyofunika samaki, chumba cha nyuma, mapazia yameshushwa. Wanawake wa msibani wakanong'onezana: mwalimu kachanganyikiwa. Akamulika tochi, akasubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Ndipo nyuzi nyeupe zikaanza kujichora ndani ya ukungu, moja, nyingine, zikifutika papo hapo. Machozi yakamtoka tena, safari hii bila hasira.

Seini, mjane wa marehemu, akachuchumaa kando yake. "Nini hizo?"

"Njia za vitu vya angani, mama. Vinatupita mwilini kila wakati, hatuvisikii."

"Hata mimi, sasa hivi?"

"Hata wewe."

"Na Apakuki, kule alikolazwa?"

"Na yeye. Havibagui."

Mjane akakaza macho kwenye kioo. Kisha akasema taratibu, "Mwalimu, nakuomba sanduku hili."

Unaisi akautazama uzi mmoja mpaka ukaisha, akamwachia sanduku pamoja na tochi.