Asali ya Mungu wa Jikoni

Mwanangu, nakumbuka alasiri moja ya Februari hapa ughaibuni, mtaani Lidcombe, na hadi leo nikiikumbuka naona haya. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, ndiyo kwanza nimetoka kambi ya wakimbizi Tanzania, nikapata kazi ya kuangalia watoto baada ya shule mpaka wazazi wao watoke kazini. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, na shule yangu iliishia darasa la sita. Usinichukue basi kama mwalimu.

Mwaka mpya wa Wachina ulikuwa umekaribia, na mwenzetu wa kazini, Mchina, alikuwa mgonjwa. Mkubwa wetu akanipa karatasi. "Wewe unajua kusimulia. Wafundishe hii." Ilikuwa habari ya mungu wa jikoni. Wachina wengine hubandika picha yake karibu na jiko, na wiki moja kabla ya mwaka mpya mungu huyo hupanda mbinguni kueleza aliyoyaona nyumbani mwaka mzima. Kabla hajaondoka humpaka asali mdomoni, kisha huichoma picha, naye huenda zake na moshi.

Nilitaka watoto wanipende, huo ndio ukweli. Nikatia chumvi. Nikamwigiza mungu yule kama trafiki anayepewa chai, nikasema, "Hii ni rushwa! Kumbe hata mbinguni wanakula!" Watoto wakacheka mpaka wakagaragara. Mmoja tu hakucheka, msichana wa miaka minane aitwaye Meilin. Sikumwona. Au pengine nilimwona nikaendelea; sina hakika, na sitaki kujitetea.

Kesho yake alikuja bibi yake anayemlea, mama mfupi mwenye mfuko wa mboga mkononi. Hakujua Kiingereza, ikabidi Meilin atafsiri.

"Jumamosi ndiyo siku ya kupaka asali," Meilin alisema, akitazama viatu vyake. "Nimemwambia sifanyi. Nimemwambia anatoa rushwa."

Bibi akaongea kwa kirefu.

"Anasema... Anti, hili ni baya kidogo."

"Sema tu, mama."

"Anasema wewe ni mtu mzima mwenye mdomo wa bata."

Nikabana kicheko. Bibi akashusha sauti, na Meilin akatafsiri polepole: "Anasema hata sisi tunaita rushwa. Mama yake alikuwa anasema hivyo, wote wanacheka. Lakini wanacheka wakiwa jikoni, huku wanapaka. Wewe umecheka ukiwa nje dirishani, na sasa mjukuu wake hataki kuingia."

Mwanangu, kule Tanzania niliona watani wakitaniana hata msibani, na wafiwa hawaudhiki, kwa kuwa hao hao ndio wanaochota maji na kuchimba kaburi. Utani una wenyewe. Mimi nilijifanya mtani wa nyumba ambayo sijaikanyaga.

Siku iliyofuata nikasimama mbele ya watoto, nikasema nimekosea. Mvulana mmoja akauliza, "Kwa hiyo ni rushwa au si rushwa?"

"Sijui," nikamjibu. "Mwenye kujua ni Meilin."

Meilin akatazama tena viatu vyake. Nilidhani nimemwongezea aibu. Kisha akasema, "Kila nyumba ina maneno mabaya ya mwaka mzima. Asali ni ya kuomba yasemwe vizuri." Akamgeukia yule mvulana. "Na anayempaka ni mimi."

Mimi ni mtu wa kanisa, mungu wa jikoni simwamini, na bibi yule hakuniomba nimwamini. Alitaka tu mjukuu wake arudi jikoni.

Basi, mwanangu, ukipewa mila ya wenzio uifundishe, mtafute kwanza mwenye mila hiyo, hata akiwa mtoto, umuulize kwao wanaifanyaje. Ukimkosa, soma karatasi ilivyo, usiongeze lako. Na ukimwaibisha mtu mbele ya watu, omba radhi mbele ya watu hao hao, si uchochoroni. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nimejikwaa vyote viwili, nakwambia ulimi ndio unaouma zaidi.

Mungu akulainishie kauli, akujaalie na mtu wa kukukemea ungali kijana. Amina.