Wote Mbele

Kazi yangu pale Lodwar ni kuamua nani apite kwanza. Si barabarani, ni kwenye intaneti. Laini inayopeleka mtandao kwenye makazi ya wakimbizi ya Kakuma na Kalobeyei ni moja tu, inapitia kwenye mtambo wetu, na ikifika saa nne asubuhi, watu wote wakiwa mtandaoni, haitoshi. Ndiyo maana mtambo una foleni mbili: ya mbele, inayohudumiwa kwanza, na ya nyuma, inayopata kilichobaki. Ya mbele niliitengeneza kwa ajili ya zahanati, ili muuguzi akimpigia daktari simu ya video isikatike mgonjwa akiwa mezani. Nilijivunia sana foleni ile. Ilidumu wiki mbili.

Wa kwanza kuivamia alikuwa bosi wangu mwenyewe. Mikutano yake na Nairobi ilikuwa inakwamakwama, akaniambia kwa upole, "Niweke mbele kidogo." Kidogo! Kana kwamba ni chumvi. Kisha akaja mzee mmoja wa ofisi ya serikali, ambaye hakuomba, aliniuliza tu kama najua yeye ni nani. Mchungaji alikuja na ejok ndefu, salamu yetu Waturkana, akaulizia hali ya nyumbani mpaka mbuzi, na ibada yake ikahamia mbele. Mashirika nayo yakaleta barua zenye mhuri. Mimi ni binti wa kijijini Lopur. Kumwambia mtu mzima hapana usoni sikulelewa hivyo. Na nisiwadanganye, nilipenda kuombwa. Mwaka ulipoisha, nyuma ilibaki shule moja na watu wasiojua kwamba kuna mbele.

Basi kulikuwa na mama mmoja Mkongo, mwalimu wa chekechea Kalobeyei. Alikuwa amefundisha miaka mingi bila cheti, na sasa alikuwa ameambiwa kwamba asipoanza kukisomea, muhula ujao darasa lake atapewa mwingine. Chuo kimoja kinachofundisha kwa mtandao kilimpa usaili: Jumanne, saa nne asubuhi, mara moja tu. Alinikuta sokoni Kakuma, nilikokuwa nimekwenda kukagua mnara, akanishika mkono.

"Dada, mi naomba mtandao usikatike siku ile moja tu. Kwa muda wa saa moja."

"Ondoa shaka, mama," nikamjibu, kifua mbele. "Nitakuweka foleni ya mbele kabisa."

Nikamwongeza kwenye orodha bila hata kuisoma.

Jumanne nikapanda bodaboda hadi Kalobeyei kwenda kuutazama wema wangu ukifanya kazi. Nilikalia jerikeni karibu na mlango wa nyumba yake, kompyuta magotini, mahali ambapo wasaili hawangeniona. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya, amekaa wima mbele ya kompyuta ya kuazima. Wakamuuliza kwa nini anataka kufundisha watoto wadogo. Akafungua mdomo, na picha ikaganda.

"Hatukusikii," sauti ikasema ilipochomoza tena. "Tukikupoteza mara nyingine, tutamwita anayefuata."

Mama hakunigeukia. Aliivuta tu kompyuta karibu zaidi.

Nikaufungua mtambo wa Lodwar kupitia intaneti ya simu yangu na kwa mara ya kwanza nikaisoma orodha yangu mwenyewe. Mama alikuwa mbele, ndiyo, pamoja na Turkana nzima! Ile haikuwa foleni tena, ilikuwa umati. Nikaanza kufuta. Bosi, toka. Mzee wa serikali, toka. Mchungaji, Mungu anisamehe, toka. Iliyofuata ilikuwa nyumba yangu mimi, ambako mdogo wangu hutazama tamthilia za Kituruki tangu asubuhi. Sikuikumbuka hata siku niliyojiweka. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikafuta wote, nikabakisha zahanati na mama.

Picha ikanyooka. Alikuwa amebakiwa na dakika saba, na alizungumza zote saba bila kukwama, kuhusu watoto wake mmoja mmoja.

Wiki mbili baadaye akanipigia. Amekubaliwa! Nilipiga kelele pale ofisini mpaka watu wakageuka. Halafu sauti yake ikashuka.

"Ila dada, masomo ni kila asubuhi, miaka miwili. Wanasema mtandao ukikatika wanahesabu hukuja. Na mi nilikuomba siku moja..."

"Usimalize, mama," nikamwambia. "Kaa hapohapo mbele."

Sikuwa nimeiweka simu chini vizuri bosi akatokea mlangoni. Mikutano yake ilikuwa imerudi kukwamakwama, akasema, na asubuhi hiyo alikuwa na mwingine na Nairobi. Nimrudishe pale alipokuwa.

"Nakurudisha sasa hivi, bosi."

Akaenda zake. Nilikunja mikono kifuani, nikautazama mtambo, sikugusa hata kitufe. Baada ya dakika kumi akaniandikia: "Asante sana. Sasa naona tofauti."