Kidole cha Mwajabu

Nimeshauriwa nisiandike haya nikiwa na hasira. Basi nisingeandika kabisa, maana tangu Juni hasira yenyewe haijaniisha.

Dada yangu Mwajabu ni fundi cherehani, anashonea nyumbani kwake Chang'ombe, hapa Dodoma mjini. Mumewe, shemeji yangu Seleman, ni fundi baiskeli, na kibanda chake kimeegemea ukuta wa chumba hicho hicho cha cherehani. Mama yake Seleman, Bibi Sabiha, anaishi milimani Kondoa. Haoni tena, na baridi ya kule inamtesa. Mwaka huu aliomba kitu kimoja tu: mfarishi, lile tandiko zito la viraka, ajifunike kabla Julai haijamkuta. Alimwomba mwanawe. Mwanawe akamwambia mkewe, na hapo akawa amemaliza sehemu yake.

Wasiowahi kushona mfarishi wanadhani kazi ni kuunganisha vipande. Kazi ni pale unapopanga vitenge juu, blanketi kuukuu katikati na shuka chini, halafu mzigo wote huo unausukuma upite chini ya sindano kwa viganja vyako. Nguo inateleza. Vidole vya Mwajabu vimekaushwa na upepo wa huku na kulika kwa miaka ishirini ya kazi, havishiki kitu. Mshono ukawa unakwenda kama njia ya mbuzi, anafumua, anaanza tena.

Alijaribu kulamba vidole, mdomo ukamkauka. Akavaa glavu za kuoshea vyombo, zikampwaya na kujaa jasho. Akakumbuka gundi ya mgunga, ile tuliyokuwa tukiitafuna utotoni kule Kondoa, akailoweka na kujipaka vidoleni. Ilishika, sikatai. Asubuhi nilipokwenda kumsaidia tukakuta sisimizi wamejaa mpaka kwenye blanketi la katikati, ikabidi tufumue upande mzima na kuufua. Nilicheka mpaka nikatokwa machozi. Sasa najionea haya kwa kicheko kile.

Siku ya tatu yake nguo ikateleza, mkono ukaifuata, sindano ikazama kwenye kidole cha shahada na kukatikia humo. Ukucha ulitoka wote. Seleman aliingia, akatazama damu kwenye kitenge.

"Si ungekuwa mwangalifu?" akasema. "Mama anasubiri."

Nyuma yake, kupitia mlango uliokuwa wazi, niliona mipira ya ndani ya baiskeli, ile iliyochoka, imening'inia msumarini kama ishirini hivi. Kipande kimoja cha mpira ule kingeshika nguo yoyote. Dada alilijua hilo. Alishawahi kuomba, akajibiwa kwamba ile ni ya kufungia mizigo, ni mali ya kazi, yeye aendelee na mambo yake ya viraka. Akanyamaza, kwa sababu sisi tumelelewa hivyo: chombo cha kazi ya mtu hakiguswi akishakataa. Miezi miwili amekaa upande wa pili wa ukuta, anateleza, ananyamaza. Nilimkasirikia na yeye pia.

Seleman alipokwenda kununua vipuri nilitoka nje. Ya msumarini sikuigusa, nami nimelelewa hivyo hivyo. Nilichomoa mpira wa ndani wa baiskeli yake mwenyewe, ile anayoendea msikitini, nikauingiza ndani na kuukata.

"Naima, atatuua," dada akasema.

"Aanze na mimi."

Tuliuosha kwa sabuni na kuusugua na kitambaa cheupe mpaka weusi ukaacha kutoka. Vipande vyembamba tukavishona viwe pete za kuvaa vidoleni. Viwili vipana akaviweka chini ya viganja, kimoja kila upande wa sindano. Akakanyaga cherehani. Nguo ikaenda alikoitaka. Dada yangu akaanza kulia, na hakuacha kushona. Kwa siku nne, kidole kimoja kikiwa kimefungwa bandeji, mfarishi ukaisha.

Ijumaa Seleman alikwenda msikitini kwa miguu. Alirudi anafoka.

"Umeniharibia baiskeli, Naima!"

"Shemeji, si wewe ndiye fundi? Itengeneze."

Jumapili tukaenda Kondoa sote watatu. Tukamwamkia Bibi Sabiha, tukamtandikia mfarishi magotini. Aliupapasa polepole, mshono baada ya mshono, kutoka pindo hadi pindo.

"Umenyooka," akasema. "Nani kashona?"

"Tumeshona, mama," akajibu Seleman.

Tumeshona! Nilifungua mdomo, dada akanifinya paja. Bibi akaomba mkono wa mkwewe ili amshukuru. Akaushika, vidole vyake vikatembea juu ya vidole vya dada kimoja kimoja, vikafika kwenye kile cha shahada na kusimama.

"Hiki kimefanya nini?"

"Sindano, mama."

Bibi hakuuachia. Akanyoosha mkono wake wa pili hewani.

"Seleman, lete na vyako."

Akampa. Bibi alivipapasa vyote kumi, ukucha kwa ukucha, bila haraka, na shemeji yangu amepiga magoti kwenye mkeka kama mtoto wa madrasa.

"Vyote vizima," akasema, akaiachia mikono ya mwanawe. Mkono wa Mwajabu aliendelea kuushika mpaka tulipoitwa kula.